Kijana anataka kututengenezea programu ya kuoanisha wenye shida na wenye kujitolea. Nimkubalie?

Masjala_Mstaafu

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri, na mnivumilie urefu. Nimekaa masjala miaka 26 nikisoma madokezo ya watu waliofupisha mambo mpaka hayaeleweki, kwa hiyo siku hizi naandika kila kitu.

Tangu nistaafu naratibu kikundi cha kusaidiana mtaani kwetu. Upande mmoja kuna wenye shida: mgonjwa wa kupelekwa kliniki, mtoto aliyepata nafasi ya shule hana sare, bibi anayeishi peke yake na bomba limempasukia. Upande wa pili kuna watu wa kujitolea 60 hivi, pamoja na wanaoleta vitu au fedha. Katikati nipo mimi na simu mbili.

Kila kitu kinapitia kwenye kundi la WhatsApp. Mtu anaandika shida yake, zinafuata "pole sana" na mikono ya dua, mara mtu anatupia picha ya maua ya kutakiana asubuhi njema, mara tangazo la msiba, na ikifika saa nne ombi limeshazama. Usiku napanda juu kwa kidole nayaokota moja moja, nayahamishia kwenye jedwali nililofunguliwa mtandaoni na binti yangu.

Mwezi uliopita ndipo nilipochoka. Jumanne moja magari mawili yalifika kwa mzee mmoja, madereva wote wawili wameandika "nipo" na kila mmoja anamshangaa mwenzake langoni. Asubuhi hiyohiyo mama mmoja anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki alikaa kizingitini kwake tangu saa kumi na moja alfajiri, mkoba mapajani, na hakuna aliyekwenda. Nilirudi kundini kutafuta ombi lake. Lilikuwepo. Watu wanane walikuwa wamemjibu "Mungu akufanyie wepesi". Hakuna hata mmoja aliyeandika "nakuja". Nilipompigia kumwomba radhi hakulalamika, aliniuliza tu, "Kwani nilikosea kuandika?"

Sasa amejitokeza kijana, mtoto wa mwanakikundi, anasomea kompyuta. Anasema atatutengenezea programu: mwenye shida anajaza fomu, wa kujitolea anajaza fomu, mashine inaoanisha. Ameniletea na michoro. Kijana ni mzuri na michoro ni mizuri, lakini nina wasiwasi. Nusu ya wenye shida wetu wana simu za vitufe. Na stoo yetu imejaa mifuko ya nguo ambayo hakuna aliyeiomba, wakati mtu wa kiti cha magurudumu anasubiri mwezi wa tatu. Je, mashine italiweza hilo, au nitakuwa nimehamisha vurugu kutoka kundini kwenda kwenye programu?

Zamu_ya_Usiku

Shikamoo mama. Mimi napanga safari za wagonjwa kwa madereva wa kujitolea, mwaka wa tisa huu, nyingi nazipanga usiku ndiyo maana ya jina. Nitakujibu kwa ile Jumanne yako, maana jibu lote limo humo.

Kuoanisha hakukuwa tatizo lako siku ile. Mzee alikuwa na madereva wawili waliomfaa. Mama naye bila shaka alikuwa na mtu wa kumfaa ndani ya wale wanane waliomwombea dua. Kilichokosekana ni kwamba maombi yote mawili hayakuwa na mwenyewe. "Nipo" ya kwenye kundi haimfungi aliyeiandika, na haimzuii mwingine kuandika hivyohivyo.

Tazama Be My Eyes, ile programu ya Mdenmark Hans Jørgen Wiberg iliyoanza 2015. Asiyeona anabonyeza, simu za watu kadhaa wanaozungumza lugha yake zinaita kwa pamoja, wa kwanza kupokea ndiye anakuwa macho yake, na kwa wengine wote mlio unakatika. Watu husifia kule kuita. Mimi nasifia kule kukatika. Hao wengine wanarudi kwenye shughuli zao wakijua kwamba jambo lina mtu. Kundi lako linaita vizuri sana, mama, ila halijui kunyamaza.

Kwa hiyo kabla ya programu yoyote, ongeza safu moja kwenye jedwali lako: nani ameshika. Jina moja tu, si mawili. Na mshikaji apewe muda. Kwetu ni dakika 20 za kuthibitisha. Zikipita, jina linafutwa na ombi linarudi kwenye foleni bila lawama. Hilo la bila lawama ni muhimu, vinginevyo mtu aliyekwama anaona haya kusema, anakaa kimya, na kimya ndicho kinachomwacha mgonjwa kizingitini.

Kisha ombi lipite hatua zinazoonekana: limeingia, limeshikwa, limefanyika, mwenye shida amekiri. Hiyo ya mwisho usiifute hata mkikosa nafasi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nafunga ombi kwa neno la dereva. Mmoja akaandika "tayari" kwa kiti cha magurudumu, nami nikafunga, roho nyeupe. Kumbe alimkuta mwenyewe hayupo akakiacha kwa jirani, na jirani kesho yake akasafiri kwa wiki mbili. Kiti kimefungiwa kwa kufuli nyumba ya pili, mwenye miguu iliyopooza anakitazama dirishani. Sisi kwenye takwimu zetu tulikuwa tumefaulu. Tangu hapo anayefunga ombi ni aliyeliomba, kwa kupigiwa simu, swali moja: umepata ulichohitaji?

Kuhusu simu za vitufe, fomu isijazwe na mwenye shida kabisa. Ijazwe na anayepokea simu. Si kwa sababu ya kifaa tu. Mtu akiachwa na fomu anaandika kile anachodhani utampa. Anaona mna blanketi, anaomba blanketi. Ukimuuliza baridi inaingilia wapi, unakuta dirisha halina kioo. Swali hilo la pili sijaona fomu inayoliuliza.

La mwisho, halafu nilale. Usihangaike kutafuta watu wa kujitolea wengi zaidi kwa kuwa programu ina nafasi. Machi 2020 huduma ya afya ya Uingereza iliomba watu 250,000 wa kusaidia waliojifungia majumbani kwa sababu ya korona. Ndani ya siku chache wakajiandikisha watu 750,000, ikabidi usajili usimamishwe kwanza. Wengi waliwasha programu asubuhi wakaizima usiku, wiki baada ya wiki, bila kuitwa. Ukimsajili mtu mwenye ari na usimtume, siku ukimhitaji hapokei. Kwa hiyo kwenye orodha yako weka tarehe ya mara ya mwisho kila mtu kuitwa, na uanze na aliyekaa muda mrefu. La sivyo utawachosha walewale watano wasiojua kukataa. Najua unao, kila kikundi kina watano.

Mpita_Njia

Kwa kifupi: mama usikubali programu. Daftari na kalamu.

Zamu_ya_Usiku

Mpita_Njia, daftari liko mkono mmoja. Mama akiugua wiki moja, kikundi kimeugua. Sijasema asikubali.

Semikoloni

Afadhali umesema, maana nilikuwa naanza kumhurumia huyo kijana.

Mimi naandika programu kwa riziki na nadhani najua anachowaza, kwa sababu na mimi nilikiwaza. Darasani unafundishwa mbinu ya kuoanisha ya Gale na Shapley ya mwaka 1962: pande mbili, kila mtu anapanga anaowapenda kwa ngazi, mwisho wake hakuna wawili wanaotamani kuwaacha wenzao waende pamoja. Kitu kizuri kweli, Shapley na Alvin Roth walipata Nobeli ya uchumi 2012 kwa kazi za mlango huo, na mbinu za aina hiyo hupanga madaktari wapya hospitalini. Ukitoka darasani unaona wenye shida na wenye kujitolea, unasema hii hapa, pande mbili!

Lakini ile inataka orodha zote mbili ziwe mezani kabla ya kuanza. Maombi ya mama yanadondoka moja moja, la saa tatu halijui kama la saa tano linakuja. Na hakuna mgonjwa anayepanga madereva kwa ngazi. Hapo kijana aiache mbinu hiyo ya darasani, achuje tu: nani yuko huru muda huo, nani yuko karibu, nani anaelewana lugha na mhusika, nani hajaitwa siku nyingi, na kama kazi ni ya kumwogesha mgonjwa, nani ni wa jinsia anayoitaka mgonjwa. Yabaki majina matatu. Mama achague.

Na hapa ndipo ningemwomba kijana aweke akili yake yote: mama akiyakataa majina yote matatu, mashine imuulize kwa nini, na jibu lihifadhiwe. Atasema "huyu amefiwa juzi", "huyu na familia ile hawasalimiani", "huyu ana gari lakini usiku haoni vizuri". Miezi mitatu ya majibu hayo ndiyo maelekezo ya kazi ambayo mama hawezi kumwandikia leo hata akitaka, kwa sababu hajui kama anayajua. Mengine yatageuka kanuni za programu. Mengine, kama lile la kutosalimiana, yabaki kichwani mwake, na tafadhali yasiandikwe popote.

Teknolojia yenyewe iwe ya kawaida: jedwali lilelile la mtandaoni, fomu inayomwaga humo, ujumbe mfupi kwa wenye vitufe. Akitaka kuandika programu nzima aiandike mwakani.

Mzee_wa_Stoo

Mmeongea watu, hamjaongea vitu. Masjala, dada yangu, hiyo mifuko ya nguo naifahamu kama ninavyoifahamu migongo yangu miwili, wa kuzaliwa na huu ulioniumiza kwa kuibeba.

Mtu wa kujitolea anayekosa kazi hali nafasi. Kitu kisichotakiwa kinakula nafasi, kinakula dawa ya panya, kinakula Jumamosi za vijana wa kupanga. Stoo yangu hivi leo ina magongo 11 ya kutembelea na hakuna jozi hata moja. Yote yalipokelewa kwa shukrani na picha.

Tulichobadilisha ni mwelekeo. Zamani tulitangaza "leteni chochote". Sasa mwenye kutoa anaona orodha ya mahitaji yaliyokwisha kuhakikiwa, kila hitaji na namba yake na idadi yake, na mtu akiahidi, idadi inashuka palepale. Ikifika sifuri, hitaji linatoweka. Wazo hili si letu. Baada ya kimbunga Sandy, 2012, kikundi cha Occupy Sandy huko New York kilifungua kwenye Amazon orodha ya zawadi za harusi, ile ambayo maharusi hutaja wanachotaka, wao wakajaza vitu vya kuwasaidia waliofurikiwa. Hawakuandika hata mstari mmoja wa programu. Orodha ya harusi tayari inajua mambo mawili ambayo stoo yangu haikuyajua: kitu gani hasa, na kama kimeshanunuliwa na mwingine.

Kitu kisicho na namba ya hitaji hakiingii mlangoni kwangu. Nimenuniwa na watu wazito kwa hilo.

Ahadi na kitu mkononi viwe safu mbili tofauti. Tulimwambia mtu kiti chake kimepatikana kwa sababu mtu ameahidi. Msiniulize kiliishia wapi.

Halafu lipo hili nalisema kwa huyo Semikoloni, maana naona anapenda mambo ya hesabu. Marekani wana mtandao wa benki za chakula, Feeding America. Zamani makao makuu ndiyo yaliyogawa: shehena ikipatikana, inapewa aliye mbele kwenye foleni, iwe anaihitaji au la. Wa makao makuu atajuaje ghala la mwenzake tayari limejaa viazi? Mwaka 2005 wakageuza. Kila benki inapewa sarafu ya kufikirika, si fedha, wenye watu wengi zaidi wa kuhudumia wanapewa nyingi, kisha wananadi wenyewe wanachokitaka. Mwanauchumi Canice Prendergast alikuwa kwenye timu iliyoupanga mfumo huo. Kilichonifurahisha ni kwamba bei inaweza kushuka chini ya sifuri: benki inayokubali kuchukua kisichotakiwa na mtu inaongezewa sarafu. Mimi nikisoma hivyo nikawaza magongo yangu 11.

Sisemi kikundi cha mtaa kifanye mnada. Nasema aliye stoo anajua yaliyomo stoo, na aliye nyumbani anajua yasiyomo nyumbani. Mashine iwaache hao wawili waseme, isiwakisie.

Fedha ni somo jingine, nitasema moja tu. Mkiruhusu wachangiaji wachague mtu wa kumchangia kwa picha, mtoto mwenye macho makubwa atapata mara nne na mzee mwenye kidonda atakosa.

Semikoloni

Mzee, hilo la bei chini ya sifuri limeniharibia usingizi. Asante.

Kimya_Kimya

Hakuna aliyegusa hili, nami sitalirefusha. Jedwali la mama linasema nani anaishi peke yake, nani haamki kitandani, na siku gani nyumba ya nani haina mtu kuanzia alfajiri. Ukimpa mwizi orodha hiyo hana haja ya kupeleleza. Na siku hizi wote wenye kiungo cha jedwali wanaona kila kitu, sivyo?

Hata wakubwa wanaumizwa. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba seva zenye taarifa zake zimeingiliwa, na humo mlikuwa na taarifa za watu zaidi ya 515,000, wengi wao waliotengana na ndugu zao kwa vita na majanga. Wao wana wataalamu. Ninyi mna kijana na binti yako.

Kwa hiyo: tangazo liseme "safari ya kliniki, Alhamisi alfajiri, upande wa sokoni", basi. Jina, nyumba na namba vifunguke kwa aliyeshika tu, baada ya kushika. Ugonjwa usiandikwe, iandikwe tu anachohitaji: gari lenye nafasi ya kulala, mtu wa kumsaidia ngazi. Ombi likifungwa, baada ya mwezi jina lifutwe ibaki namba. Na mtu anayeingia ndani ya nyumba za watu asichukuliwe sawa na anayebeba mizigo mpaka mlangoni. Anayeingia ndani mmjue, awe na wadhamini, safari za kwanza aende na mwenzake. Mashine itamwona yuko karibu, yuko huru, hajaitwa siku nyingi. Haitaona zaidi ya hapo.

Masjala_Mstaafu

Wakuu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nafanya mlichosema. Kwanza niwape kicheko. Masjala tulikuwa na kadi ya mwendo wa faili. Faili likitoka, kadi inabaki kwenye nafasi yake: limekwenda kwa nani, lini, lirudi lini. Kwa miaka 26 sijawahi kupoteza faili, nimepoteza machache sana ya watu wengine. Halafu nikaja mtaani nikaweka shida za watu kwenye kundi ambalo halina kadi! Zamu_ya_Usiku, marahaba mwanangu, ulipoandika "nani ameshika" niliifunika simu nikakaa kidogo.

Kijana alinuna kwanza. Nikamsomea sehemu ya Semikoloni, ile ya kuhifadhi sababu za kukataa, akachangamka, akasema hiyo ndiyo ngumu na hiyo ndiyo anayoitaka. Jumamosi tumekaa naye saa sita nzima. Kundi limebaki kwa salamu na maua, maombi yanakuja kwa simu moja tu ambayo tunapokezana watatu. Jedwali la zamani limefungwa, Kimya_Kimya, kweli watu 41 walikuwa na kiungo chake, wengine hata sijui ni akina nani.

Mara ya kwanza kuletewa majina matatu nikayakataa yote. Ikaniuliza kwa nini. Nikaandika, "Huyu wa kwanza ni mwanangu, hawezi kuamka." Kijana alicheka mpaka akashika ukuta.

Nimepita pia kwa yule mama wa kizingitini. Nilitaka kumweleza kwamba safari zake sasa zimewekwa za kudumu, na dereva wa akiba nyuma ya kila dereva. Akasikiliza, akaniuliza nani anapiga simu za kuuliza watu kama wamepata walichohitaji. Nikamwambia bado sina mtu. Akasema yeye siku asizoenda hospitali yuko nyumbani na simu yake, na kuulizwa vibaya anakujua. Basi tangu jana amefunga maombi tisa, na mawili ameyakataa kuyafunga.

Tatizo moja limezuka. Kijana anasema programu yake haikubali namba ileile ya simu iwe kwa wenye shida na iwe kwa wenye kujitolea, alidhani hazitakutana. Nimemwambia airekebishe.